Wapiga Tiara wa Kabul (4): Neno Ambalo Hassan Hakulijua

Redioni wiki hii wametajwa tena Waafghani wanaorudishwa kwao kutoka Iran na Pakistani, wakipita Islam Qala na Torkham na mafurushi yao. Miongoni mwao wamo Wahazara wengi. Nilipowasikia nilimkumbuka Hassan, mtoto wa Kihazara wa riwaya ya Khaled Hosseini.

Wasomaji wengi wa riwaya hiyo husema kosa la Amir, mtoto wa bwana ambaye Hassan na baba yake walimtumikia, ni woga: majira ya baridi ya 1975 alimwona rafiki yake Hassan akitendwa unyama kichochoroni, akatoka mbio. Mimi sikubali. Usaliti ulianza zamani, chini ya mkomamanga wa makaburini, kitabu kikiwa mikononi mwa Amir. Hassan hajui kusoma. Amir humsomea Shahnameh, utenzi wa Kiajemi, na wakifika kwenye neno gumu humchezea. Siku moja Hassan anauliza maana ya neno ambalo kwa kweli ni tusi kwa mpumbavu. Amir anamwambia maana yake ni mwerevu, kisha anamtungia sentensi yenye jina la Hassan humo humo ndani. Hassan anatikisa kichwa, ameridhika. Baadaye Amir hujisikia vibaya na kumpa shati kuukuu au kichezeo kilichovunjika, deni likaisha. Mtoto aliyekwisha kujifunza kulipa dhambi kwa shati kuukuu, kichochoro kingemshinda nini?

Tena sikilizeni wanavyoitana. Hassan husema Amir agha, yaani Bwana Amir. Amir husema Hassan, basi. Na hawa wamenyonya ziwa la mwanamke mmoja, jambo ambalo kwa Waislamu huleta udugu.

Ubwana huo haukuzaliwa nyumbani kwa Baba, babake Amir. Kati ya 1891 na 1893 Amiri Abdur Rahman Khan aliwapiga vita Wahazara wa Hazarajat. Mashamba yao wakapewa wengine, na wanawake kwa watoto wakauzwa Kabul kama mbuzi. Utumwa ulikuja kufutwa na Amanullah Khan miaka ya 1920, lakini kufuta neno kwenye sheria si kulifuta vinywani. Mhazara mjini alibaki kubeba mizigo, kuchota maji, kupiga pasi nguo za watoto wa wenzake. Kibanda cha udongo cha mtumishi Ali na mwanawe Hassan, kule bustanini nyuma ya jumba, ni masalia ya vita hivyo.

Na bado Hassan aliipenda Shahnameh, kitabu ambacho hakuweza kukisoma. Mshairi Ferdowsi alikimaliza yapata mwaka 1010, enzi za Sultani Mahmud wa Ghazni, mji ulio Afghanistan ya leo. Kisa alichokipenda ni cha Rostam, aliyemchoma jambia kijana vitani, kisha akaliona pambo mkononi mwake na kutambua kwamba amemuua mwanawe, Sohrab. Hassan alipopata mtoto wa kiume alimwita Sohrab. Ukubwani akajifunza herufi, akamfundisha na mwanawe, akamwandikia Amir barua. Amir aliifungua Peshawar. Aliyeiandika alikuwa ameshapigwa risasi na Taliban mbele ya nyumba ile ile aliyoitumikia.

Barua hiyo, ya mtu aliyejifunza herufi ukubwani, ndiyo inayonirudisha mpakani kwa hao wanaorudishwa. Tangu Septemba 2021 wasichana Afghanistan hawaruhusiwi kuvuka darasa la sita, na tangu Desemba 2022 wamefungiwa hata vyuo vikuu. Binti aliyemaliza darasa la sita akirudishwa leo, masomo yake yanaishia kwenye geti la Islam Qala. Huu ni udhalimu, na wanaoutetea kwa jina la dini wanaisingizia dini.

Wewe msomaji mwenye kijana wa kazi nyumbani asiyejua kusoma, anza naye leo usiku, herufi tano tu kabla ya kulala. Na akikuuliza maana ya neno, mwambie ile ya kweli.