Kadi ya mchango: Usiseme ‘chapa’ kabla hujaona PDF

Familia ya Ipinda au Matema ikipanga send-off ya binti, mara nyingi kadi hutengenezwa na mtu aliye Mbeya mjini, au Dar es Salaam alipo mtoto mwingine. Kutoka Kyela hadi Mbeya kupitia Tukuyu ni zaidi ya kilomita 100. Hakuna atakayepanda basi kwenda kukagua herufi moja. Kila kitu kinapita kwenye simu, na hapo ndipo fedha za kamati huanza kupotea kwa kuchapa mara mbili.

Anza na majina. Usiyatume kwa sauti. Majina yetu yanayoanza na Mwa- ni mengi, na masikioni mwa mgeni yanafanana. Yaandike kwenye barua pepe ili fundi ayanakili yalivyo, pamoja na tarehe, ukumbi na namba ya kupokelea michango.

Picha nayo ina mambo yake. Ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida, hubanwa ili iwe nyepesi. Kwenye simu inapendeza, lakini ikikuzwa kuwa bango la ukumbini, sura ya bibi harusi inaingia ukungu. Itume kama dokumenti, au iambatanishe kwenye barua pepe. Gmail hukubali kutuma viambatisho vya hadi MB 25 kwa ujumbe mmoja. Vikizidi, hupandishwa Google Drive na mpokeaji hupata kiungo tu. Hakikisha umempa ruhusa ya kukifungua, la sivyo atabaki anaomba ruhusa na wewe uko shambani kwenye kakao.

Kazi ikiisha, fundi anaweza kukutumia faili lenye mwisho wa .cdr, .ai au .psd. Hilo ni faili la kazi la CorelDRAW, Illustrator au Photoshop, na simu nyingi hazilifungui. Hata kwenye kompyuta ya steshenari ya Kyela mjini linaweza kugoma, kwa sababu CorelDRAW ya zamani haifungui faili la toleo jipya. Likikubali lakini fonti aliyotumia fundi haipo, kompyuta huweka nyingine, na jina refu kama Ambakisye linakatika katikati.

Mwombe PDF yenye fonti ndani yake. Hiyo husomeka kwenye simu na hubaki ilivyo hadi kwa mchapaji.

Faili la kazi pia liombe, mkubaliane mapema kabla ya kulipa, maana mafundi wengine hulitoza peke yake. Lihifadhi kwenye barua pepe yako. Mdogo wake akifika zamu hamtaanza upya. Ila usilirushe kwenye kundi la kamati! Faili la wazi, au kiungo cha Canva chenye ruhusa ya kuhariri, humwezesha yeyote kubadili namba ya michango na kuisambaza kadi ikiwa na sura ileile. Kundini peleka PDF au picha.

Ukiridhika, jibu kwa maandishi kwenye barua pepe ileile yenye PDF: “Nimekagua, chapa.” Herufi ikigeuka baada ya hapo, itajulikana imegeukia wapi na nani analipa. Lakini kabla ya kujibu, chapa nakala moja nyeusi na nyeupe umpelekee shangazi asome. Yeye ndiye anayejua kama jina la bwana harusi lina ‘y’ au halina.