Je, Wajua? Marafiki wa Naiti

Je, wajua kwamba mtu wa saa nane usiku huenda akakuelekeza njia kwa moyo kuliko wa saa nane mchana? Mwanasosholojia Murray Melbin alilipima hilo mjini Boston, Marekani, miaka ya 1970. Wasaidizi wake waliuliza njia, wakaomba wapita njia wajibu maswali, wakachungulia supamaketi nani anacheka na keshia. Watu wa usiku waliongoza kote. Walianguka mtihani mmoja tu: funguo zilizodondoshwa makusudi, zikiwa na kikaratasi cha anwani, zilirudishwa kwa uchache zaidi usiku. Aliyesimama mbele yao walimjali. Mwenye funguo, aliyelala zake, alijijua mwenyewe.

Kwa hiyo anayedai wakeshaji hawana marafiki hajawaona walinzi usiku wa manane: chupa ya kahawa, redio ya sauti ya chini, na jamaa wa geti la pili anasogeza kiti. Marafiki wapo. Wanaopotea ni wale wa zamani.

Je, wajua kwamba aliyetoka naiti, yaani zamu ya usiku, kwa kawaida hulala mchana saa 1 hadi 4 pungufu ya anavyolala usiku? Saa ya mwili humwamsha; muuza samaki humalizia.

Na ndoa? Mwaka 2000 Harriet Presser, mtafiti wa Marekani pia, alionyesha kwamba akina baba walio kwenye ndoa chini ya miaka mitano, wakifanya kazi usiku, walikabiliwa na hatari ya kutengana au kuachana takriban mara sita ya wenzao wa mchana. Hakuona dalili kwamba waliikimbilia naiti kwa sababu nyumbani tayari kulikuwa kunawaka moto.

Lakini je, giza ndilo lenye kosa? Mwaka 1929 Urusi ya Kisovieti ilifuta Jumapili ili mashine zisilale. Wiki ikawa ya siku tano, wafanyakazi wakagawanywa makundi matano ya rangi, kila rangi na siku yake ya mapumziko. Mume akawa wa njano, mke wa kijani, watoto wako shule. Kalenda yenyewe haikumlazimisha mtu kukesha, ila mikutano ya kifamilia ilikufa, na malalamiko yakafika hadi magazetini. Kufikia 1931 serikali ikaanza kurudisha siku moja ya wote.

Sasa geukia Ziwa Victoria. Wavuvi wa dagaa hukesha majini, taa zikiwavuta dagaa juu. Mwezi ukiwa mpevu taa hazifui dafu, basi mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Kambi nzima inakuwa ofu kwa pamoja: nyavu zinashonwa, wake wanatembelewa, madeni yanadaiwa, soga zinapigwa. Nesi wa zamu ya usiku hana mwezi wa kumpangia hivyo. Ofu yake inaangukia Jumanne, shoga zake wote wakiwa kazini.

Je, wajua kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya 2004, inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na inamtaka mwajiri aongeze angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa ya usiku? Kwa anayelipwa shilingi 2,000 kwa saa, hiyo ni shilingi 100. Mchango wa harusi atakayoikosa akiwa lindoni, kamati inamdai wote.