KUTEMBEA NA KUTEMBELEANA: SIKU KUMI ZA MASKATI

Katika lugha yetu, mtu akisema kwamba amekwenda kutembea, huenda amekwenda kuutazama mji, na huenda amekwenda kuwatazama watu. Wazee wetu hawakuyatenga mambo hayo mawili. Lakini siku hizi vijana wengi wakijaaliwa kusafiri ng'ambo hurudi na picha mia mbili za majumba, na ukiwauliza habari za jamaa waliowazuru hawana la kusema. Wengine husema kwamba safari ya ng'ambo ni ya wenye mali tu, kwani hapana budi ya hoteli na teksi. Kwa ajili ya hao na hao tumeona yafaa kuwaeleza wasomaji wetu safari tuliyoifanya Maskati mwezi wa Desemba, sisi na kijana wetu wa miaka 17, wakati shule na vyuo vilipokuwa vimefungwa.

Tulifikia kwa sahibu yetu ambaye tulisoma naye chuo kimoja utotoni, kabla wazazi wake hawajahamia Omani. Nchi ile imejaa watu wa namna yake. Wako waliotoka Unguja baada ya Mapinduzi ya 1964, na wako walioitikia mwito wa Sultani Qaboos, aliyeshika utawala mwaka 1970 na kuwataka Waomani waliokuwa nchi za nje warejee kuijenga nchi yao. Ndiyo maana katika soko la Matrah, tulipokuwa tukibishana bei ya ubani na kijana wetu kwa Kiswahili, mwenye duka alituitikia kwa Kiswahili vile vile, tena cha Unguja mjini!

Jambo la kwanza lililotutia mashakani lilikuwa hili la basi. Sisi tulikuwa tumeazimia kutumia mabasi ya umma, lakini mwenyeji wetu alipolisikia alikunja uso. "Maalim," alisema, "motokaa ipo na dereva ni mimi. Watu watasema nini wakimwona mgeni wangu kituoni?" Tukamjibu kwamba tukimtoa kazini kila siku kwa siku kumi, hatutakuwa tumekuja kumzuru bali kumwadhibu. Mtume wetu (S.A.W.) ametufunza kwamba haki ya mgeni kukirimiwa ni siku tatu, na kwamba haimfalii mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake dhiki. Hata hivyo mgeni anayekataa kila kitu naye ana kiburi chake. Basi tulipatana: mchana twende zetu kwa basi, na jioni tupande motokaa yake, tena yeye ndiye achague pa kwenda. Tangu hapo uso wake ulikunjuka.

Mabasi yenyewe ni mekundu, ya shirika la Mwasalat, ambalo asili yake ni shirika la taifa la usafiri lililoanzishwa mwaka 1972. Ni safi, yana ubaridi ndani, na viti vya mbele huachiwa wanawake. Nauli ya mjini ni baisa tu, na baisa elfu ndizo zifanyazo riali moja. Kituo kikubwa kiko Ruwi, na kutoka hapo waweza kwenda Matrah, kwenye soko la samaki na barabara ya pwani. Udhia wake ni kungoja, na kutoka kituo hata kituo kuna mwendo. Desemba mwendo huo ni raha, lakini atakayekwenda Juni au Julai, joto lipitapo digrii 40, asije akasema kwamba sisi ndisi tuliomdanganya.

Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001, wameusifu wengi. Sisi tutasema tu kwamba zulia lake moja lilichukua miaka minne kufumwa, na kwamba kijana wetu alipoingia alielekea kaskazini kuswali tahiyatul-masjid, kama tulivyozoea kwetu, mpaka mzee mmoja akamshika bega kwa upole akamgeuza magharibi. Kwetu pwani Makka iko kaskazini; kule iko upande wa kuchwea jua. Ni jambo dogo, lakini mtoto aliyeambiwa darasani mara kumi kwamba kibla hugeuka kwa nchi, siku hiyo ndipo alipolifahamu.

Kadhalika aliona wenzetu wa madhehebu ya Ibadhi wakiswali wameteremsha mikono wala hawasemi amin baada ya Fatiha, akataka kutuuliza kwa sauti. Tulimnyamazisha hata tulipotoka. Tulimweleza pia habari ya kukusuru. Sisi wafuasi wa Imamu Shafii tulinuia tangu mwanzo kukaa mjini siku kumi, kwa hiyo tulikamilisha swala zetu; bali kwa Maibadhi msafiri hukusuru madamu hakuufanya mji ule kuwa watani wake, hata akikaa muda mrefu. Kila mmoja ana dalili yake na wanavyuoni wake. Kijana ayajue haya kabla ya kupanda ndege, asije akawa mgeni wa watu na mshindani wao kwa wakati mmoja.

Tulikwenda Nizwa kwa basi, mwendo kama wa saa mbili kwa njia ya milimani, tukalala huko usiku wa Ijumaa, kwani soko la mbuzi huanza alfajiri na basi la asubuhi haliwahi. Ngome ya Nizwa, yenye mnara wa mviringo, aliijenga Imamu Sultan bin Saif, yule aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliiteka Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698. Kijana wetu, aliyekwisha kupelekwa Mombasa na shule yake, alisimama pale akihesabu kwa vidole. Karibu na mji uko Falaj Daris, mfereji wa kale unaoleta maji mashambani, na kila mwenye haki hupata zamu yake kwa saa zilizohesabiwa. Laiti mitaa yetu ingegawana maji ya bomba kwa adabu ile!

Lakini lililotushughulisha zaidi lilikuwa nyumbani. Mama wa sahibu yetu, bibi aliyepita miaka themanini, alituuliza usiku wa kwanza, "Mwanangu, mwembe ule wa uwani bado upo?" Tukamwambia upo, na bado unazaa. Alitaka kujua nani kafa, nani kaoa, kisima kimefukiwa au la. Wajukuu wake walikaa pembeni kimya, kwani hawakuwa wakifahamu. Mmoja, wa miaka 16, alijua shikamoo tu, naye alikuwa akiwaamkia nayo hata wadogo zake. Wala si kosa lake: shuleni ni Kiarabu na Kiingereza, na nyumbani hapana aliyekuwa na nafasi ya kukaa na bibi.

Tuliposema tunakwenda Sur, bibi akasema naye anakwenda. Mwanawe akataka kumkataza kwa sababu ya basi. "Baba yangu alitoka Sur kwa jahazi na upepo wa kaskazi mpaka Unguja," akasema, "mimi nishindwe na gari lenye baridi?" Basi tukaondoka watano: bibi, wajukuu wawili, na sisi wawili. Alikaa kiti cha mbele, khanga tuliyomletea juu ya abaya lake, na njia nzima, kama kilomita mia mbili za pwani, alihadithia. Katika motokaa kila kijana angekuwa na simu yake. Humu abiria wengine nao waligeuka kusikiliza, na dereva akacheka mahali pa kuchekwa, tukajua kwamba naye anafahamu.

Huko Sur limehifadhiwa jahazi Fath al-Khair, lililoundwa mjini humo mwaka 1951. Bibi alisimama chini yake akaelekeza fimbo: omo, tezi, mlingoti, foromali. "Foromali ni nini, bibi?" mjukuu akauliza, kwa Kiswahili alichokiazima kwa kijana wetu. "Ni ule mti ulioshika tanga, mjukuu wangu." Akayaandika yote katika simu yake, na tuliporudi aliendelea kuuliza mpaka usiku ukaingia.

Siku mbili kabla ya kuondoka kwetu, mjukuu yule alitujia akitaka kujua saa za basi la Nizwa. Bibi, akasema, amekwisha kutia khanga yake mkobani.