Watalii wa boti wapita Mahoko, fedha yabaki ufukweni

Kwa wanaotembeza wageni Rubavu, wilaya ya Rwanda iliyo kando ya Ziwa Kivu, biashara ya boti ni biashara ya saa. Boti ikifunga gatini asubuhi na kuondoka alasiri, mgeni ana nusu siku ya kukanyaga nchi kavu, na hiyo nusu siku imeshagawanywa kabla hajashuka: chakula cha mchana hotelini, chemchemi za maji moto za Nyamyumba, picha za wavuvi. Kinachosalia, saa mbili au tatu hivi, ndicho kinachouzwa kama ziara ya baiskeli. Inaanzia soko la Mahoko, lililo juu, kilomita kumi na ushee kutoka ziwani, na mgeni wa makamo asiyezoea milima hawezi kuipanda barabara ile akawahi boti. Kwa hiyo ziara inauzwa kwa kuteremka. Wageni na baiskeli wanapandishwa kwa gari hadi sokoni, wanavalishwa kofia ngumu, kisha wanaachiwa mteremko kupitia Nyundo, mashamba ya chai ya Pfunda na kandokando ya mto Sebeya mpaka mjini Gisenyi.

Ukiipima kwa idadi ya wageni, biashara yenyewe ni ndogo. Lakini mkononi mwake imeshika watu wengi: mwenye baiskeli, kijana anayeongoza msafara, dereva wa gari la kupandisha, fundi wa kando ya barabara, mama anayeuza chai na mandazi pale wageni wanapopumzika. Mahoko ni soko lililoishi kwa karoti, vitunguu na viazi vya milimani. Fedha ya mgeni ikitua pale, hata kidogo, inaonekana. Isipotua, inaonekana pia.

Ofisa mmoja anayeshughulikia utalii, aliyeomba asitajwe kwa kuwa yeye si msemaji, ana tarakimu mkononi. Anaanza na dola milioni 647 ambazo Rwanda ilitangaza kuingiza kutokana na utalii mwaka 2024, kutoka milioni 620 mwaka 2023. Anaongeza bandari mpya ya Nyamyumba iliyozinduliwa Desemba 2024. Anaongeza boti ya kifahari yenye vyumba 10 vya kulala iliyoanza safari Ziwa Kivu mwaka 2023. Anamalizia na mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika katika ardhi ya Afrika. Hesabu yake ni kwamba ziwa limepata bandari, nchi imepata jina katika baiskeli, na Rubavu iko mahali viwili hivyo vinapokutana. Anaamini wageni watakuja, na wakija watapanda baiskeli.

Tarakimu ya milioni 647 inatajwa sana, nayo inastahili kuangaliwa kwa makini. Ndani yake mna sokwe wa milimani, walioleta takriban dola milioni 200 kwa vibali vya dola 1,500 kila kimoja. Mna mikutano ya Kigali na hoteli zake. Ofisa hakuwa na mgawanyo wa wilaya, sembuse wa biashara ya baiskeli. Alipobanwa kuhusu Mahoko alirudi kwenye jumla ya taifa. Mtu wa Mahoko hali jumla ya taifa.

Kuna jambo ambalo ofisa hakuligusa, na mwandishi huyu analiona kuwa ndilo zito kuliko yote. Hifadhi za taifa za Rwanda zina utaratibu wa kuwagawia wananchi wanaozizunguka sehemu ya mapato. Ilianza kwa asilimia 5 mwaka 2005, ikapandishwa hadi asilimia 10 mwaka 2017. Kijiji kilicho chini ya Hifadhi ya Volkano kinaweza kuonyesha darasa au tangi la maji na kusema hili ni la sokwe. Ziwa Kivu si hifadhi ya taifa, na barabara ya Mahoko hadi Gisenyi haina lango wala kibali. Mgeni anayeteremka pale analipia boti, hoteli na wakala. Uzuri anaoulipia, yaani chai, mto, mashamba ya ngazi ngazi na watoto wanaompungia mkono, hauna mtu wa kuudai.

Manung'uniko ya kina yanatoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Mahoko anayekodisha baiskeli za gia kwa mawakala wa mjini. Kwa maelezo yake, bei anayolipa mgeni haijawahi kumfikia ikiwa nzima. Mgeni analipa kwa dola, mara nyingi kabla hajapanda ndege. Kampuni ya safari inakata chake, anayeuza ziara za nchi kavu anakata chake, wakala wa ufukweni anakata chake, na kinachopanda mlima hadi kwake ni faranga za kukodi, zinazolipwa wiki kadhaa baadaye. Boti ikichelewa kwa sababu ya upepo, ziara inafupishwa naye anaambiwa apunguze bei. Ikifutwa kabisa, anapigiwa simu asubuhi hiyo hiyo, baiskeli zikiwa zimeshaoshwa, zimepakwa mafuta na kupangwa nje. Hakuna arbuni. Amewahi kuidai, anasema, akaambiwa wapo wengine wanaosubiri nafasi yake.

Kinachomuumiza zaidi ni breki. Anainamisha baiskeli, anafungua pini ndogo na kuchomoa vibao vya breki ya diski ya mbele. Kimoja kimelika mpaka chuma, na kwenye diski kuna mikwaruzo ya duara. Munyonzi wa Mahoko, yaani mwendesha baiskeli wa kubeba mizigo na abiria, anasema, akiteremka na gunia la karoti anashika breki na kuachia, anashika na kuachia, breki inapata kupoa. Mgeni ana hofu ya kona na malori, kwa hiyo anabana breki zote mbili kuanzia sokoni mpaka Nyundo. Wakifika chini, diski huwezi kuigusa kwa kidole. Tyubu na tairi za baiskeli za mizigo zimejaa kwenye vibanda vya soko, na fundi yeyote ana viraka na gundi. Vibao vya diski na tyubu za magurudumu makubwa ya kitalii inabidi viagizwe Kigali na kuletwa kwa basi. Gharama hiyo ni yake. Katika makubaliano anayopewa, yasiyoandikwa popote, vipuri havitajwi.

Mawakala wana upande wao. Mmoja anayefanyia kazi ufukweni anasema bima, leseni, gari la kufuata msafara na mafunzo ya huduma ya kwanza vyote viko mgongoni mwake, na mgeni akianguka jina linaloharibika ni lake. Hoja hiyo ina uzito. Haielezi, hata hivyo, kwa nini malipo ya baiskeli yasubiri wiki ilhali ya mgeni yalipokewa miezi kabla.

Mpangilio huu haukuanzia Kivu. Mombasa na Zanzibar wanaufahamu vizuri: abiria wa meli kubwa hununua matembezi akiwa humo humo melini, meli inaweka faida yake juu, na wanaosubiri nje ya geti wanagombania waliobaki. Tofauti iko kwenye ukubwa. Meli inayoshusha watu elfu na zaidi ina mabaki ya kutosha: wapo wanaotoka peke yao, wakachukua tuktuk, wakanunua vinyago, wakala samaki Mji Mkongwe. Boti ya vyumba 10, ikijaa, ina wageni 20. Nusu yao wakikubali kupanda baiskeli, ni baiskeli 10 kwa nusu siku. Hakuna mabaki ya kugombania. Anayeshika mkataba wa boti ameshika soko zima, na hapo ndipo mwenye baiskeli wa Mahoko anapokosa nguvu ya kupatana.

Wenye kumbukumbu wanasema biashara hii haikujengwa na wageni wa boti hata siku moja. Ilijengwa na Goma, jiji la Kongo lililo ng'ambo ya mpaka. Wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa walivuka mpaka Ijumaa, wakalala Gisenyi, Jumamosi wakakodi baiskeli, baadhi wakajaribu vipande vya Njia ya Kongo-Nile, ile ya kilomita 227 inayoshuka na ufuko hadi Rusizi. Walilipa papo hapo, mkononi, bila wakala. Saa za mpaka zilipopunguzwa na upande wa Kongo kuanzia Juni 2022, mtiririko ulianza kukatika. Kisha ukaja ugonjwa wa Marburg, uliotangazwa nchini Septemba 2024 na kutangazwa kuisha Desemba. Januari 2025 vita vikaingia Goma, makombora yakaua raia upande wa Rubavu, na nchi za nje zikaonya watu wao kuhusu ukanda wa mpaka. Mwezi uliofuata mbio za baiskeli za Tour du Rwanda zilifanyika, Rubavu ikiwemo kwenye njia, lakini timu moja kubwa ya Ubelgiji ilikuwa imeshajiondoa kwa hofu ya usalama. Makubaliano ya amani ya Washington ya Juni 2025, kati ya Rwanda na Kongo, yametajwa na ofisa kama sababu ya kutumaini. Mfanyabiashara wa Mahoko anasema hajaona mteja aliyeletwa na makubaliano hayo.

Kuhusu mashindano ya dunia, maoni yamegawanyika. Wapo vijana waliopata kazi za siku chache Kigali, na wapo waliorudi na ujuzi wa kurekebisha gia ambao Mahoko haukuwepo. Lakini mbio hazikukaribia Rubavu, na mtazamaji aliyeona mteremko wa Kigali kwenye televisheni si lazima anunue nusu siku ya mteremko wa Nyundo. Sifa ya nchi ya baiskeli ipo, tena ya haki. Njia ya kuigeuza kuwa malipo ya Jumatatu asubuhi kwa mwenye baiskeli bado haijaonyeshwa na yeyote.

Na wako abanyonzi, ambao ndio baiskeli yenyewe katika eneo hili. Wanabeba abiria kwenye karia yenye godoro dogo, wanabeba viazi, maziwa, mbao. Wakipanda, baadhi hudandia nyuma ya malori, jambo la hatari ambalo polisi wamelipiga vita kwa miaka na ambalo limeua vijana. Kwa muda mrefu wamebanwa wasiwe barabarani baada ya saa kumi na mbili jioni. Hakuna mpango wowote unaoonekana wa kuwaingiza kwenye ziara, ingawa wao ndio wanaoijua kila kona, kila shimo, na kila mahali lori linapokosa breki. Mwongozaji mmoja, aliyekuwa munyonzi mwenyewe, anasema alichohitaji ili kuvuka upande wa pili ni Kiingereza cha kutosha na cheti. Kiswahili chake, ambacho ni lugha rasmi ya nchi tangu 2017, kinamfaa kwa wageni wa Kenya, Tanzania na Kongo, lakini boti hailengi hao.

Mvua nayo ina sauti yake. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko yaliua watu zaidi ya 130 magharibi na kaskazini mwa nchi, na Sebeya ilibomoa nyumba kuanzia Kanama, inakokaa Mahoko, mpaka Rugerero. Kazi kubwa imefanyika tangu hapo kuudhibiti mto. Bado Machi hadi Mei mwongozaji makini hukagua barabara kabla ya wageni, na ziara nyingi huahirishwa.

Mtazamo wa mbele si wa kukatisha tamaa kabisa. Gati lipo, lami ni nzuri, na Juni hadi Agosti, msimu wa kiangazi, wanaokuja kwa sokwe wanaweza kushawishika kuongeza siku moja ziwani. Goma ikitulia kweli, wateja wa Ijumaa wanaweza kurudi, na hao wangefaa kuliko boti yoyote. Wakala mmoja anazungumzia kuwalipa wenye baiskeli nusu mapema, akisema atajaribu hilo msimu ujao. Ofisa anasema malalamiko ya malipo ni mambo ya mikataba binafsi.

Mfanyabiashara wa Mahoko alikuwa amepanga kuongeza baiskeli. Ameahirisha. Ameanza kuulizia bei ya kuzibadilisha baadhi ya alizonazo, kuondoa diski, kuweka breki za vyuma na karia imara, ili siku ambayo hakuna boti ziweze kushuka na vitunguu.