Inhela ilikuwa gari la mbele: Niliyojifunza kuhusu wokitoki, safari na leseni

Dakika 90. Huo ndio muda tuliokaa kando ya barabara ya kwenda Loiyangalani, mpwa wangu wa miaka saba akihema kwa shida, na inhela yake ikiwa ndani ya mkoba uliokuwa kwenye gari la mbele.

Tulikuwa familia moja, magari mawili. Tulitoka Nairobi alfajiri, tukalala Isiolo, kesho yake tukapinda Laisamis kuelekea Ziwa Turkana. Kila mtu alikuwa na simu ya maana. Dadangu alikuwa na laini mbili, mimi nikiwa na pawabenki ya kuchaji kijiji kizima. Tulipopita South Horr, gari letu likapata pancha. Wa mbele hawakuona. Vumbi la barabara ile likipanda, hata ukitazama nyuma unaona wingu tu.

Hapo ndipo mtoto akaanza kukohoa. Nikatoa simu. Hakuna hata mstari mmoja wa mtandao. Dadangu akapanda juu ya mwamba, mkono hewani kama anayeomba mvua. Wapi!

Wenzetu waliendelea hadi karibu na Sarima, pale penye ile mitambo 365 ya umeme wa upepo, wakasimama kupiga picha, wakatungoja, kisha wakashtuka na kugeuza. Walipofika, midomo ya mtoto ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Alivuta dawa, akalala. Dadangu hakulia pale. Alilia usiku, tukiwa tumefika.

Niliporudi mjini nilikuwa na swali moja: mbona madereva wa watalii kule Maasai Mara huitana kila mara simba akionekana, na sisi na simu zetu za elfu arobaini tulishindwa kuita gari lililokuwa kilomita chache mbele?

Simu huongea na mnara

Jibu ni rahisi kuliko nilivyodhani. Simu yako haiongei na simu ya mwenzako. Inaongea na mnara, mnara unapitisha mazungumzo hadi kwa mnara mwingine, ndipo mwenzako anakusikia. Mkikosa mnara, mnaweza kuwa mita 500 kutoka kwa mwenzako na bado msisikilizane.

Wokitoki haihitaji mnara. Ukibonyeza kitufe cha kuongea, wimbi linatoka kwenye antena yako moja kwa moja hadi kwenye antena ya mwenzako. Hakuna bando, hakuna kredo. Na ukiongea mara moja, magari yote ya kwenye msafara yanasikia kwa pamoja. Ndiyo sababu utaiona kwa walinzi wa majengo, waandaaji wa tamasha, wafanyakazi wa bandari na hao madereva wa Mara.

Nikaingia katikati ya jiji kutafuta. Duka la kwanza, jamaa akanionyesha wokitoki mbili ndogo, bei nafuu, zinazoweza kuwekwa karibu masafa yoyote unayotaka. Nikamuuliza, "Na leseni?"

Akacheka. "Bro, nani atakushika huko Turkana?"

Nusura nitoe pesa. Kilichonizuia ni binamu yangu.

Binamu wa Minnesota

Binamu yangu anaishi Minnesota, Marekani, ambako Wakenya wamejaa. Nilipomwandikia kuhusu masaibu yetu aliniambia yeye na mkewe wana wokitoki za familia tangu waanze kusafiri na watoto kwenda mbuga kama Yellowstone, ambako simu hupotea mtandao kwa saa nyingi.

Kule kuna huduma mbili za watu wa kawaida. Ya kwanza inaitwa FRS. Haihitaji leseni, lakini nguvu yake haizidi wati 2 na antena haiwezi kubadilishwa. Ya pili ni GMRS, na hii ndiyo ya leseni. Redio ya mkononi huwa na nguvu kama wati 5, na ya kufungwa kwenye gari inaweza kufika wati 50 katika baadhi ya chaneli. Pia unaruhusiwa kutumia ripita, yaani kituo kilichowekwa mahali pa juu kinachopokea sauti yako na kuirusha tena mbali zaidi.

Nilidhani leseni hiyo itakuwa na mtihani na foleni. Hapana. Unaomba mtandaoni kwa FCC, tume inayosimamia mawasiliano kule, unalipa dola 35, na leseni inadumu miaka 10. Hakuna mtihani. Lazima uwe na umri wa miaka 18 au zaidi, na si lazima uwe raia. Kwa hivyo kama una ndugu kule anayesoma au kufanya kazi, habari hii ni yake pia.

Kilichonifurahisha zaidi ni kwamba leseni ya mtu mmoja inafunika familia: mke au mume, watoto, wazazi, babu na nyanya, ndugu, shangazi, wajomba, wapwa, hadi wakwe. Waliotunga sheria hiyo ni kama waliwahi kuhudhuria harusi ya Kiluhya. Kila leseni huja na jina la wito, mchanganyiko wa herufi na nambari, ambalo lazima ulitaje mkimaliza kuongea na kila baada ya dakika 15 mkiendelea.

Binamu akaniambia, "Nakuja Disemba. Nikuletee mbili?"

Nikasema ndiyo kabla hajamaliza sentensi. Kisha nikaanza kusoma, na furaha ikaisha.

Leseni haivuki mpaka

Leseni ya Marekani inaishia Marekani. Hata Canada, jirani kabisa, mambo ni tofauti: kule GMRS haihitaji leseni, lakini nguvu haizidi wati 2 na ripita haziruhusiwi. Redio ni ile ile, ila ukivuka mpaka sheria inabadilika.

Sababu ni kwamba masafa ni kama viwanja. Kila nchi imegawa vyake kivyake. Masafa ambayo familia ya Minnesota inatumia kuitana kwenda choo, hapa kwetu yanaweza kuwa yamekabidhiwa kampuni ya ulinzi au hoteli. Ukiyatumia bila ruhusa unajenga kwenye ploti ya mtu.

Hapa Kenya anayegawa viwanja hivyo ni Mamlaka ya Mawasiliano, CA, yenye makao Waiyaki Way. Chini ya Sheria ya Habari na Mawasiliano ya 1998, kutumia redio ya kurusha mawimbi bila leseni ni kosa. Na kifaa chenyewe kinafaa kuwa kimeidhinishwa na CA, si kuingizwa tu nchini kwenye begi la binamu.

Najua unachofikiria, kwa sababu nami nilifikiria hivyo: serikali inatafuta tu pesa. Lakini hebu rudi kwenye ile barabara. Tuseme tungekuwa na zile redio za bei nafuu, tumeziweka masafa tuliyookota tu. Tuseme masafa hayo ni ya watu wa ambulensi, na wakati dadangu anapiga kelele kuhusu inhela, muuguzi naye anajaribu kuuliza mgonjwa wake apelekwe wapi. Redio ya kawaida haiwezi kubeba sauti mbili kwa mara moja. Zikigongana, hakuna anayesikia kitu. Mtoto wetu angeokolewa kwa kumzima mtoto wa mwingine.

Leseni maana yake ni kwamba kuna mahali hewani palipotengwa kwa ajili yako, ili ukiita usikike, na mwingine akiita usimzibe.

Uanzie wapi ukiwa Kenya

Kwa uchunguzi wangu, kuna njia tatu za kufanya mambo haya kihalali.

Ya kwanza, na ndiyo rahisi kwa safari moja: kodisha magari kwa kampuni ya utalii ambayo tayari ina redio kwenye magari yake. Leseni ni ya kampuni, dereva amezoea, wewe ni abiria. Uliza kabla ya kulipa: magari yote mawili yana redio? Zinafanya kazi? Leseni bado iko hai? Usione haya kuuliza.

Ya pili: ikiwa mnasafiri mara nyingi, labda kikundi cha kupanda milima au familia yenye shamba kubwa, nunueni kwa muuzaji anayetambuliwa, vifaa vilivyoidhinishwa, kisha mwombe CA masafa yenu. Mkipewa, fundi ataziweka redio kwenye masafa hayo na hayo tu. Jueni kuna ada, kwa hivyo ulizeni gharama yote kabla ya kununua kifaa. Muuzaji akikwambia leseni si lazima, toka dukani.

Ya tatu ni ya wale ambao redio zimewaingia damuni: leseni ya redio ya ridhaa. Hii ni ya mtu binafsi, unaipata kwa kuonyesha kwamba unaujua utaalamu wenyewe, na jina lako la wito litaanza na 5Z, alama ya Kenya. Kuna chama, Amateur Radio Society of Kenya, ambacho wanachama wake wanaweza kukushika mkono. Lakini haifuniki familia kama ile ya Marekani. Kila anayetaka kuongea anahitaji leseni yake, na biashara hairuhusiwi humo.

Mambo ya kujua kabla ya kuwasha

Usiamini boksi. Boksi linaweza kuandika maili 35, lakini hiyo ni kama mmoja amesimama kilele cha mlima na mwingine yuko bondeni, bila kitu katikati. Redio ya mkononi mjini, kati ya majumba, tarajia kilomita moja au mbili. Nyikani penye uwazi utapata zaidi. Kilima kikiingia kati, umekatika.

Antena inashinda wati. Mwili wa gari ni chuma, na chuma huzuia mawimbi. Redio ya mkononi ndani ya gari hupoteza nguvu nyingi. Antena iliyowekwa juu ya paa itakusaidia kuliko kuongeza nguvu.

Bonyeza, subiri, ongea. Watu wengi huanza kuongea kabla redio haijaanza kurusha, neno la kwanza linamezwa. "Usisimame" ikipoteza mwanzo wake inakuwa "simame". Hesabu sekunde moja kwanza. Taja unayemwita, kisha jina lako: "Gari la kwanza, hapa gari la pili." Sema kifupi, maliza na "ova," achilia kitufe. Ukikibonyeza hausikii mtu.

Hakuna siri. Zile namba za ziada zinazoitwa toni hukusaidia tu usisikie wengine. Wao bado wanakusikia. Usitaje pesa, namba ya chumba wala kwamba nyumba imebaki bila mtu.

Mkubaliane kabla. Redio nayo inaweza kufa. Sisi sasa tuna kanuni: gari la nyuma likiitwa mara tatu bila kujibu, la mbele linasimama. Dakika kumi zikipita, linageuza. Na chaja ya gari ni lazima.

Safari ya pili

Disemba binamu alikuja mikono mitupu, kwa maombi yangu. Tulikodisha magari mawili yenye redio na madereva wake. Kabla ya kutoka Isiolo, dereva wetu, mzee mpole ambaye amefanya kazi hiyo miaka mingi, alitufanyisha mazoezi kwenye kituo cha mafuta. Hata mpwa wangu alipewa nafasi aite gari la mbele. Alijiita "Simba Mmoja." Hakuna aliyethubutu kumpinga.

Mbele ya Laisamis, vumbi likaanza tena. Mtoto akakohoa mara mbili. Dadangu akamtazama dereva, dereva akachukua kipaza sauti.

"Gari la kwanza, gari la pili hapa. Simameni kidogo, tumpumzishe mtoto. Ova."

"Sawa mzee, tumesimama. Ova."

Tuliwafikia baada ya dakika mbili. Mtoto akanywa maji, tukafunga madirisha, tukawaacha watangulie mbali zaidi ili vumbi litulie. Hatukuwaona tena hadi karibu na ziwa, lakini tuliwasikia njia nzima.

Inhela? Haikuhitajika. Lakini safari hii ilikuwa shingoni mwa mwenyewe, kwenye kamba. Redio ni nzuri, lakini dawa ya mtoto husafiri na mtoto.