Usiku Mmoja Interlaken Hautoshi

Likizo za kiangazi cha Ulaya zikikaribia, wanaopanga safari za treni huniletea swali ambalo sasa nalijua kwa moyo: "Tunatoka Paris kwenda Milano. Njiani tutalala usiku mmoja Interlaken. Asubuhi tukipanda treni ya kwanza kwenda Jungfraujoch, tutawahi treni ya jioni ya Milano?" Muulizaji anataka nimpe saa. Saa zipo, na kwa jinsi Waswisi wanavyoheshimu ratiba, mtu anawahi. Lakini anachokipanga hapo ni mbio tupu, na mlima haumo. Natamani kabla ya kukata tikiti aniulize jambo jingine kabisa: kwa hizi siku nilizonazo, nilale wapi, na usiku ngapi?

Kinachowapeleka watu mbio hivyo ni imani moja, kwamba ukishafika stesheni ya juu kabisa umeiona Alpi, na usipofika hujaona kitu. Imani hiyo inawagharimu watu fedha nyingi na asubuhi yao pekee ya milimani, kwa hiyo niichambue vizuri.

Tuanze na sifa yenyewe. Matangazo yanaiita Jungfraujoch kilele cha Ulaya. Si kilele cha Ulaya, wala si kilele cha chochote. Ni tandiko la barafu na mwamba katikati ya vilele viwili, Mönch na Jungfrau. Mlima mrefu kuliko yote ya Alpi ni Mont Blanc, mpakani mwa Ufaransa na Italia, unaopita mita 4,800. Na ukiihesabu Kaukazi kuwa Ulaya, Elbrus unafika mita 5,642. Jungfraujoch ina sifa moja ya kweli: ni stesheni ya reli iliyo juu kuliko zote Ulaya, mita 3,454. Sifa hiyo ni ya wajenzi, nami nawavulia kofia. Adolf Guyer-Zeller, mfanyabiashara wa Zürich, alianza kuichimba mwaka 1896, akafariki mwaka 1899, na treni ikafika juu mwaka 1912. Anayekwenda kwa ajili ya kazi ile ya kupasua mwamba ana sababu nzuri ya kwenda. Anayekwenda kutazama milima njiani atashangaa.

Atashangaa kwa sababu njia hiyo ya reli, kutoka Kleine Scheidegg hadi juu, ina urefu wa kilomita 9 na kidogo, na zaidi ya kilomita 7 kati ya hizo ni ndani ya handaki. Umeketi kwenye behewa, nje ya dirisha ni ukuta wa mwamba na taa. Treni husimama dakika chache mahali panapoitwa Eismeer, mnashuka, mnachungulia barafu kupitia vioo, mnarudi ndani. Ukifika juu umekaa mabegani mwa Mönch na Jungfrau, na ile sura kubwa ya milima mitatu iliyopangana, Eiger, Mönch na Jungfrau, ambayo umeiona kwenye kalenda na ndiyo iliyokutoa nyumbani, huipati hapo. Ile huonekana ukiwa mbali nayo: Mürren, Männlichen, Schynige Platte. Na ukisimama Kleine Scheidegg kwenyewe, mita 2,061, ukuta wa kaskazini wa Eiger unakukabili uso kwa uso, karibu mita 1,800 za mwamba mweusi uliosimama wima. Watu hutegesha darubini pale na kutafuta wapandaji waliokwama kama nukta za rangi. Katikati ya ukuta huo kuna madirisha madogo yaliyotobolewa enzi za ujenzi wa reli. Ni mpaka uyatafute kwa jicho, uyakose, uyapate, ndipo unapoelewa ukubwa wa kitu kilichoko mbele yako. Na hapo huhitaji kupanda mita moja zaidi.

Kilichopo juu na hakipo chini ni mto wa barafu wa Aletsch, mrefu kuliko yote ya Alpi, zaidi ya kilomita 20. Ni kitu kikubwa kweli, sikatai. Lakini hata huo unaonekana vizuri kutoka upande wa pili, jimbo la Valais, ambako gari la waya linaanzia pale pale stesheni ya treni ya Fiesch na kukupandisha hadi Eggishorn. Ukiwa pale unauona mto wote unavyopinda, na unalipa sehemu ndogo ya nauli ya Jungfraujoch.

Sasa nauli. Kutoka Interlaken, kwenda na kurudi kwa bei kamili, majira ya kiangazi, jiandae kwa zaidi ya faranga 200 za Uswisi kwa mtu mmoja, na juu yake ada ya kuweka kiti. Familia za watu wanne zikifanya hesabu hiyo mapema, nusu yazo hubadilisha mawazo. Wanaonitia uchungu ni wale walionunua tikiti ya tarehe maalumu miezi miwili kabla. Milima hii hujitengenezea mawingu. Siku za kiangazi asubuhi huwa kweupe, jua likipanda hewa ya mabondeni inapata joto na kupaa na unyevu wake, na ikifika mchana vilele vimejifunika. Siku nyingine havifunuki toka alfajiri. Mwenye usiku mmoja hana pa kuchagua: anapanda hivyo hivyo, anasimama ndani ya ukungu mweupe asione hata reli ya ngazi aliyoishika, anapiga picha kwenye bango, anashuka. Wingu si sababu ya kurudishiwa nauli. Wenyeji hawaendi kwa kubahatisha. Kwenye stesheni na mahoteli ya bondeni kuna skrini zinazoonyesha, wakati ule ule, kamera iliyoko juu inaona nini. Picha hizo zimo pia kwenye intaneti, bure. Mswisi hutazama skrini kwanza, kisha ndipo hutoa pochi.

Lipo pia suala la mwili, na hapa nakosa subira kabisa, kwa sababu watu wanaliona dogo. Interlaken iko mita 567. Ndani ya dakika 90 au zaidi kidogo uko mita 3,454, ambako kila pumzi unayovuta ina takriban theluthi mbili tu ya oksijeni ya pwani. Wanaopanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu hulala kwanza Mandara, na usiku wa pili Horombo, zaidi kidogo ya mita 3,700. Wanachukua siku mbili kwa miguu kufika kimo kinachokaribiana na hiki, na bado wengine huumwa kichwa. Hapa umepandishwa kabla chai ya asubuhi haijashuka. Wengi watapata kizunguzungu kidogo na kuhema kwenye ngazi, wakishuka yanaisha. Usikimbie, usinywe pombe, na kichwa kikigonga shuka.

Kila mara huwepo anayejibu kwamba yeye amezaliwa Moshi, au alishafika Uhuru mwaka juzi. Mwili hautunzi kumbukumbu hiyo. Mazoea ya kimo huondoka ndani ya wiki chache baada ya kushuka, na mji wa Moshi wenyewe hata mita 1,000 haufiki. Mwingine ataleta tangawizi na kitunguu saumu. Tangawizi inaweza kutuliza kichefuchefu, basi, oksijeni haiongezi. Wazee wenye moyo au mapafu dhaifu wamwone daktari kwanza. Na kuna neno ambalo vitabu vya utalii vya Ulaya vinalipita haraka, ilhali kwetu ndilo la kuanza nalo: selimundu. Mwenye ugonjwa huo asipandishwe kimo kile bila daktari wake kuridhia, kwa sababu upungufu wa oksijeni ndio unaozifanya chembe zake za damu zijikunje na kuziba mishipa. Hata aliyebeba kinasaba kimoja tu, mzima wa afya miaka yote, inatokea bandama yake ikadhurika akiwa juu sana. Maumivu makali chini ya mbavu za kushoto ukiwa kimo hicho yanakupeleka hospitali, usiyasingizie tumbo kujaa gesi. Sijui kwa nini mtu akague hali ya hewa ya Milano na asikague damu ya mwanawe.

Kwa hiyo acha kilele kwanza, hesabu usiku. Usiku mmoja milimani ni sawa na kutokwenda: unafika jioni na begi, unaondoka asubuhi na begi. Usiku mbili zinakupa siku moja nzima na kamari ya hali ya hewa. Usiku tatu ndiyo safari. Una asubuhi mbili kamili, ikivurugika moja una nyingine, na tikiti ya juu unainunua usiku ule ule baada ya kuona utabiri. Kama ratiba yako haina usiku tatu, punguza mji mmoja. Ukishindwa kupunguza, nenda Innsbruck, ambayo nitaisema.

Wala usijidanganye kwamba utaiona Alpi dirishani. Treni za kasi za leo hupita chini yake. Kutoka Bern kwenda Brig, handaki la Lötschberg lililofunguliwa mwaka 2007 linakumeza kwa zaidi ya kilomita 34. Kutoka Zürich kwenda Milano, lile la Gotthard la mwaka 2016 lina kilomita 57. Ukitaka kuona, panda treni ya polepole inayopitia reli ya zamani: kwa Kandersteg upande wa Lötschberg, kwa Göschenen na Airolo upande wa Gotthard.

Pa kulala. Bonde la Lauterbrunnen, usilale Interlaken chini bali Wengen au Mürren, vijiji visivyo na magari, treni na magari ya waya vinakupeleka mpaka ndani. Kutoka Wengen uko karibu na Kleine Scheidegg kuliko wote waliolala bondeni. Kiangazi usiikose reli ya Schynige Platte kutoka Wilderswil, imekuwepo tangu 1893, inapanda taratibu kwa dakika 50 hivi, na ile sura ya kalenda unaikuta juu. Unayekwenda Milano kwa reli ya zamani ya Gotthard, shuka Göschenen, dakika 10 za reli ya meno zinakufikisha Andermatt, mita 1,436. Unayetokea Zürich au Chur, pita Bernina: reli inavuka mlima wazi, bila handaki kuu, mita 2,253 pale Ospizio Bernina, kisha inateremka hadi Tirano, mita 429, ambako kuna treni ya Milano, lala Poschiavo. Treni ya kitalii ya njia hiyo inadai kiti kilipiwe mapema, ya kawaida inapita reli ile ile, haidai, na madirisha yake yanafunguka. Upande wa Ufaransa ni Chamonix, unaingia kwa treni ndogo kutoka Saint-Gervais au kutoka Martigny, na onyo la kimo ni lile lile, maana Aiguille du Midi ni mita 3,842. Mwenye usiku mmoja tu alale Innsbruck, chini ya saa mbili kutoka München: unapanda katikati ya mji, kwenye stesheni aliyoichora Zaha Hadid, na kwa kuunganisha magari ya waya muda si mrefu uko juu ya mita 2,200. Kukiwa na wingu, unabaki na mji mzuri.

Pasi za reli. Wakazi wa Ulaya hununua Interrail, wengine Eurail. Kinachoangaliwa ni makazi, kwa hiyo Mtanzania wa Hamburg ni Interrail. Hizo zinakuvusha nchi hadi nchi, lakini treni za kasi za Ufaransa na Italia bado zitadai ada ya kiti, na kwenye reli za vileleni mara nyingi unapata punguzo, si safari ya bure. Kwa kukaa sehemu moja Uswisi, kadi ya nusu nauli, ambayo kwa mgeni hudumu mwezi mmoja, mara nyingi inashinda pasi nzito: nusu nauli yake inafika hadi Jungfraujoch, wakati pasi ya watalii ya Uswisi inakupa robo tu kwenye kipande cha juu. Uliza kadi ya mgeni ya hoteli, maana sehemu nyingi inakulipia basi. Begi kubwa liache kabatini stesheni. Aprili, Mei na Novemba epuka, au kagua kwanza, kwa kuwa magari ya waya mengi hufungwa kwa matengenezo na hoteli za vijijini hufunga nayo. Sweta na viatu vya kufunika, hata Julai.

Viza ndiyo inayosahaulika. Mwenye pasi ya kusafiria ya Tanzania au Kenya asiye na kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen anaomba kwa nchi atakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, anaomba kwa ile atakayoingia kwanza. Uswisi haimo katika Umoja wa Ulaya lakini imo Schengen, kwa hiyo usiku zake zinahesabiwa. Ukitoa usiku mbili Paris na kuziweka Wengen, huenda umebadilisha ubalozi. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari hadi siku 15 kabla, pamoja na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Panga usiku kwanza, miadi ya viza baadaye, na unaponunua bima hiyo soma kama inalipia kuokolewa mlimani kwa helikopta, kwa sababu kima cha chini cha viza hakikuhakikishii hilo.