Kutu Nayo Ina Waranti: Namna ya Kuidai Kabla Fundi Hajapiga Puti

Wengi wetu tukisikia neno waranti tunafikiria simu. Chaji haiingii, unarudi dukani na risiti, unaambiwa "hii imeingia maji, waranti haihusiki", basi, mchezo umekwisha. Gari nalo lina waranti, tena zaidi ya moja, na mojawapo watu huibeba miaka kadhaa ndani ya droo ya dashibodi bila kuisoma. Hiyo ni waranti ya kutu.

Najua utasema, mimi hata nauli ya daladala naungaunga, waranti ya gari ya nini? Subiri kidogo. Wengi wetu tunasomeshwa na gari la mtu. Kwangu mimi mkopo wa Bodi haukutosha ada yote, na pengo lile limezibwa na pikapu ya baba mdogo inayobeba nazi na samaki kati ya Pangani na Tanga mjini. Pikapu ile ikisimama wiki mbili gereji, mimi nachelewa kusajiliwa. Kwa hiyo kutu ya mlango wake si habari ya mafundi peke yao.

Kutu inaanzia wapi

Kutu ni chuma kikikutana na maji pamoja na oksijeni. Chumvi huiharakisha, maana maji yenye chumvi hupitisha chaji za umeme kirahisi kuliko maji matupu. Ndiyo sababu gari la Mombasa, Tanga au Unguja huliwa mapema kuliko la Dodoma. Nchi za baridi nazo humwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu, na magari ya huko huanza kuoza chini, kwenye chesisi.

Kiwandani bati la bodi mara nyingi hupakwa zinki, kisha bodi nzima huzamishwa kwenye rangi ya msingi inayoshikishwa kwa umeme, ndipo rangi tunazoziona zinafuata. Udhaifu hubaki mahali macho hayafiki: ndani ya milango, ndani ya sketi za pembeni, na kwenye maungio ambako bati mbili zimekunjwa pamoja. Chini ya mlango kuna vitundu vya kutolea maji. Vikizibwa na matope, maji yanakaa humo na bati linaliwa kutoka ndani. Siku unapoona rangi imetuna kama lengelenge, kazi imeshaanza zamani.

Neno linaloamua kila kitu

Ukifungua kitabu cha waranti, utakuta kwamba watengenezaji wengi hawaahidi "gari halitapata kutu". Wanaahidi kwamba bati la bodi halitatoboka kwa kuliwa kutoka ndani kwenda nje. Shika hilo neno, kutoboka. Kutu ya juu inayotokana na jiwe lililochubua rangi, ajali, au mlango uliokwaruzwa na geti, hiyo kwa kawaida haimo. Bomba la moshi nalo mara nyingi halimo.

Rangi ina dhamana yake tofauti, na ni fupi zaidi. Mfano, Volkswagen barani Ulaya imekuwa ikitoa miaka 12 kwa bati kutoboka, lakini miaka 3 tu kwa rangi. Toyota nchini Marekani hutoa miaka 5 kwa bati kutoboka, bila kujali gari limetembea umbali gani. Mercedes-Benz iliwahi kuahidi wateja wa Ulaya hadi miaka 30, kwa sharti kwamba gari lifanyiwe huduma kwao kwa ratiba. Kampuni hizohizo katika nchi nyingine zina masharti mengine. Kwa hiyo kitabu cha rafiki yako hakikusaidii, soma cha gari lako.

Mambo mengine matatu ya kutafuta kwenye kitabu. Kwanza, tarehe: waranti huhesabiwa tangu gari lilipokabidhiwa kwa mnunuzi wa kwanza, hata kama wewe umelinunua kwake juzi. Pili, ukaguzi: baadhi ya kampuni hutaka bodi ikaguliwe na wakala kila baada ya muda fulani na kitabu kigongwe muhuri, na mihuri ikikosekana dai linaweza kufia hapo. Tatu, eneo: waranti nyingi hufuata gari na si mtu, ila ndani ya soko ambalo gari liliuzwa.

Hatua kwa hatua

Ukiona lengelenge, usilipeleke kwa fundi wa mtaani. Simdharau fundi. Tatizo ni kwamba akishapiga msasa na puti, ushahidi umeondoka. Wakala ana kipimo kidogo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani mara nyingi huwa kwenye mikroni 100 hadi 150 hivi. Palipopigwa puti kipimo huruka mbali sana, na hapo wataandika "gari limeshatengenezwa nje", safari imeishia hapo.

Osha gari, lipige picha mchana. Piga moja ya mbali inayoonyesha namba ya gari, nyingine ya karibu yenye rula pembeni ili ukubwa uonekane. Angalia kama vitundu vya maji viko wazi, navyo vipige picha, kwa sababu hoja ya kwanza utakayokutana nayo ni kwamba hukulitunza gari. Kisha kusanya kitabu cha huduma, kadi ya gari na risiti.

Sasa andika barua. Hapa ndipo mwanafunzi anaweza kumsaidia mzazi kuliko anavyodhani. Taja namba ya chesisi, tarehe ya kukabidhiwa, kilomita, mahali kutu ilipo, kisha omba kitu kimoja kinachoeleweka: ukaguzi wa waranti ya bati kutoboka, na majibu kwa maandishi. Usiandike "gari lina kutu, naomba msaada". Sentensi hiyo inampa mtu nafasi ya kukujibu kwa huruma badala ya kukujibu kwa mkataba.

Baba mdogo alianza kwa mdomo. Pikapu ilikuwa ndani ya mwaka wa nne, kitabu kinasema mitano. Kijana wa mapokezi akatazama mlango akasema, "Mzee, huo ni upepo wa bahari, pikapu zote za Tanga ziko hivyo." Mzee akarudi nyumbani akiwa ameshakubali, na ameshaulizia bei ya puti. Nikamwomba asubiri siku mbili, nikaandika barua ya ukurasa mmoja, tukaambatanisha picha nane na nakala za mihuri. Majibu yalichukua wiki tano. Milango miwili walikubali: sehemu za chini zilikatwa, zikachomelewa bati jipya, na ndani wakapuliza nta ya kuzuia kutu. Madigadi ya mbele walikataa, wakaeleza kwa maandishi kwamba kutu yake imetokana na mawe, imeanzia nje. Tuliyaangalia tena kwa makini na kweli, ilianzia nje. Hayo tukayalipia wenyewe, na hatukuwa na kinyongo.

Niliona tofauti kubwa kati ya jibu la mapokezi na jibu la barua. "Upepo wa bahari" halikuwa jibu la mkataba. Upepo unaweza kuwa chanzo, lakini swali la kitabu lilikuwa bati limetoboka kutoka upande gani.

Ukikataliwa

Omba sababu kwa maandishi na kifungu cha kitabu kilichotumika. Halafu mwandikie mtengenezaji mwenyewe, kitengo cha wateja, ukiambatanisha jibu la wakala. Wakati mwingine kampuni hukubali kulipa sehemu ya gharama kwa hiari hata muda ukiwa umepita kidogo, hasa kama gari limehudumiwa kwao siku zote. Kwa Tanzania, mlaji anayeona amepotoshwa anaweza pia kupeleka malalamiko Tume ya Ushindani, iliyoundwa chini ya Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003.

Na usidhani kampuni kubwa haiwezi kusogezwa. Marekani, chesisi za pikapu za Toyota Tacoma zilianza kuoza kiasi cha kutoboka. Mwaka 2008 Toyota iliongeza waranti ya kutu ya chesisi kwa Tacoma za mwaka 1995 hadi 2000 ikawa miaka 15, na zile zilizoharibika sana ikajitolea kuzinunua tena kwa mara moja na nusu ya thamani yake sokoni. Wamiliki wa matoleo yaliyofuata walikwenda mahakamani, na mwaka 2016 yakafikiwa makubaliano yaliyohusu magari kama milioni 1.5 ya Tacoma, Tundra na Sequoia, yaliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.4. Chesisi ikikutwa imetoboka kwa kiwango kilichowekwa, inabadilishwa. Watu wale hawakuwa na sauti kubwa mmoja mmoja. Walikuwa na picha, tarehe na karatasi, na walikuwa wengi.

Vipi gari la mtumba kutoka Japani?

Hapa lazima tuambiane ukweli, kwa sababu magari mengi ya mitaani kwetu ni ya aina hii. Waranti ya kutu iliyotolewa Japani kwa kawaida haikufuati hadi bandari ya Dar es Salaam. Kwa gari hilo, nguvu yako iko kabla ya kulipa. Omba karatasi ya mnada. Mchoro wa gari uliomo huwekewa alama: herufi S humaanisha kutu na C humaanisha kutu iliyokwisha kula chuma, na namba inayofuata ikiwa kubwa, hali ni mbaya zaidi. Omba picha za chini ya gari, si za siti na redio tu. Ukiambiwa gari limetoka Hokkaido au mikoa mingine ya theluji, zitazame picha hizo mara mbili. Likishafika, lioshwe chini kwa maji baridi, likauke, lipulizwe dawa ya kuzuia kutu, na vitundu vya milango vizibuliwe kila mara. Kazi hiyo ya saa moja haihitaji wakala wala barua.

Darasani tunafundishwa kwamba mtihani wanaanguka hata wanaojua majibu, kwa kutosoma maelekezo juu ya karatasi. Waranti ndivyo ilivyo. Haki ya kutengenezewa milango ile ilikuwepo tangu siku pikapu ilipotoka dukani, imeandikwa kwa herufi ndogo, na ilibakiza miezi kumi na moja kuisha.

Likizo hii, kama nyumbani au kwa mjomba kuna gari lililonunuliwa jipya, omba kile kitabu kwenye dashibodi. Tafuta ukurasa wa kutu, tazama tarehe ya kukabidhiwa, piga hesabu. Halafu inama uchungulie chini ya milango.